Valvu ya Mzee Mwau

Mzee Mwau alivua kofia kabla hajafika mlangoni. Wayua alimwona kupitia dirishani akamwacha asimame. Alikuwa anapepeta pojo, na siku hiyo pojo zilikuwa na taka nyingi kuliko siku zote.

"Hodi hapa, Mama Ndolo."

Mwau hakuwahi kumwita Mama Ndolo. Alikuwa akimwita yule msichana wa kukumbatia mabomba, na watu wa soko la Mukuyuni walikuwa wakicheka, maana Mwau alikuwa mzee wa kanisa tena mwenye gesti ya kulaza wageni, na mtu kama huyo akitania ni lazima watu wacheke.

"Karibu," Wayua akasema. Kiti hakumwonyesha.

Mwau akaeleza shida yake akiwa wima. Kampuni ya maji ilikuwa imetoa amri. Kila mwenye gesti au hoteli aliyeunganisha bomba la kampuni na tangi lake lazima awe na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Kwa sababu maji yakikatika, bomba kubwa hunyonya, na uchafu wa tangi la mtu mmoja unaweza kuingia kwenye mtungi wa jirani. Valvu ipimwe na fundi mwenye leseni, na fundi mwenyewe apeleke ripoti kwa mtandao, kwenye tovuti ya kampuni. Asiyekuwa na ripoti kufikia Jumatatu anafungiwa maji. Mafundi wa leseni walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Ikutha, kule Kitui, na alikuwa amelazwa na mguu. Wa pili ndiye huyu aliyekuwa anapepeta pojo.

"Na wiki ijayo tuna kongamano," Mwau akasema. "Askofu analala kwangu. Wachungaji wa kutoka Kitui wote wanalala kwangu. Wakikosa maji nitawaogesha na nini?"

"Na maombi."

Mwau akacheka peke yake.

"Nitakuja Jumatano," Wayua akasema. Mwau akashukuru, akashukuru tena, akatoka akirudi kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa chifu. Wayua akabaki na ungo mikononi. Alikuwa na furaha, ila furaha mbaya, ile ya mtu aliyengoja mpaka kungoja kukawa ndiyo kazi yake.

Mama yake, Mbinya, alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Siku moja aliuliza mbele ya watu mabati ya kanisa yameenda wapi, ilhali kila mtu alikuwa ameyaona yaking'aa juu ya boma la Mwau. Jumapili iliyofuata Mwau akasimama na kusema kwamba amekuta vibuyu vya pombe jikoni kwa Mbinya. Hakukuwa na kibuyu chochote. Lakini yeye alikuwa mzee wa kanisa, na Mbinya alikuwa mjane. Wakamvua kitambaa cha kichwa, kile cha chama cha akina mama, hapohapo mbele ya watoto. Wakamweka nidhamu, akawa anakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watu wasiokula meza ya Bwana. Alikaa hapo mpaka mwili ukaisha. Alipokufa, mchungaji alikataa kuja, na kwaya ikakataa kuimba. Wayua alimzika mama yake na majirani wachache na fundi aliyetengeneza sanduku, na katika hao wote hakuna aliyejua wimbo mpaka mwisho.

Kwa hiyo Jumatano Wayua alipobeba geji yake ya kupimia presha na mipira yake kwenda kwenye gesti ya Mwau, alikuwa anaomba kitu kimoja tu: valvu ivuje.

Akaikuta nyuma ya jikoni. Akafunga koki ya kwanza, akaunga mipira, akafungua taratibu, akatazama mshale wa geji. Mshale ukapanda, ukasimama. Akangoja uteremke, ndiyo dalili ya valvu inayovuja. Haukuteremka. Akafungua, akaanza upya, akaigonga valvu kidogo kwa spana, jambo ambalo fundi hafanyi. Mshale ukasimama palepale kama umechongwa.

Hata valvu yake inamtetea, Wayua akafikiri, na machozi ya hasira yakamjaa.

Akatoa simu, akafungua tovuti ya kampuni. Akaandika namba ya mita, akapiga picha ya valvu, akafika mahali pa kuchagua: Imepita au Imefeli. Kidole chake kikasimama juu ya Imefeli. Nani angejua? Mwau alisema vibuyu, akaaminiwa. Yeye angesema inavuja, angeaminiwa zaidi, maana leseni ilikuwa yake. Askofu angekuta mifereji mikavu, na Mwau angeaibika mbele ya watu wote wanaomwita baba.

Lakini huo ungekuwa ni uongo wa Mwau, umekopwa na binti ya Mbinya. Akaona kinyaa. Hakutaka kutumia kitu kilichotoka mdomoni mwa yule mtu. Akabonyeza Imepita, akatuma, tovuti ikaandika kwamba ripoti imepokelewa.

Mwau alikuwa amesimama kwenye kivuli cha tangi akifuta shingo.

"Vipi, Mama Ndolo?"

"Nimeandika nilichoona. Majibu yapo kwa akaunti yako ya kampuni."

Akaunti hiyo Mwau alifunguliwa na mwenye saiba, duka la kompyuta, kwa imeili ya mwenye saiba, na huyo alikuwa amefunga duka akahamia Machakos na neno la siri la akaunti. Hilo Mwau hangelisema kwa mwanamke wa mabomba.

"Lakini kuna shida?" akauliza.

"Mwenye valvu ni wewe, Mzee. Wewe ndiye unajua kama una shida."

Hapo ndipo Wayua alipoiona hofu. Uso wa Mwau ulibadilika kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Mwau alikuwa anampima Wayua kwa kipimo chake mwenyewe. Alijua vile yeye angefanya. Wayua akakunja mipira yake polepole, hakuongeza neno, akaenda zake.

Alhamisi Mwau alimtuma mke wake, Kaveke, na jogoo. Wayua akamkaribisha Kaveke chai, wakaongea habari za mvua, na jogoo akarudi alikotoka.

Ijumaa akaja mwenyewe. Safari hii hakungoja kiti, alikaa juu ya jiwe la kufulia.

"Simu ya kampuni inaimba muziki tu," akasema. "Wayua, ile kitu uliandika, ifute."

"Ikishaenda haifutwi."

"Basi andika nyingine. Si mtu anaweza kuandika ya pili?"

"Mtu anaweza."

"Nikuletee mbuzi?"

"Wa nani? Mama yangu hali mbuzi siku hizi."

Mwau akatazama chini. Kuku walipita katikati yao wakichakura.

"Unataka nini kwangu?"

"Mimi nimekuitisha kitu? Uliniita nikapima, nimepima." Wayua akachukua karai la nguo. "Kama kuna neno linakuwasha, unajua ulilisema wapi. Ondoka hapo kwa jiwe, nafua."

Jumapili Wayua alikwenda kanisani. Hakuwa ameingia humo tangu mazishi. Baada ya matangazo, Mwau akainuka. Alianza kwa kusifu, akazunguka, akataja shetani mara nyingi, mpaka mchungaji akamwambia, "Mzee, fika." Basi akafika. Akasema hakukuwa na vibuyu. Akasema na mabati yako kwake. Kanisa likatulia hadi mtoto mmoja akauliza sauti imeenda wapi.

Mchungaji hakuwa na njia nyingine. Mwau akavuliwa uzee wa kanisa hapohapo, akaonyeshwa benchi la nyuma. Alitembea katikati ya watu wale wale, na hakuna aliyemtazama ila Wayua, ambaye alimtazama njia nzima.

Nje, Kalunde, mwenyekiti mpya wa akina mama, akamshika Wayua mkono. "Mwanangu, tulimzika mwenzetu vibaya."

"Mlimzika?" Wayua akasema. "Mimi ndiye nilimzika. Nyinyi mlikuwa nyumbani." Akautoa mkono wake.

Mwau alikuwa anamngoja kando ya ukuta, peke yake. Waliokuwa wakimsindikiza kila Jumapili walikuwa wamekumbuka ng'ombe zao.

"Nimefanya," akasema. "Sasa tuma ile ya pili."

"Ya pili ya nini? Nilituma Jumatano, ukiwa pale kwenye kivuli. Imepita. Valvu yako ni nzuri sana, Mzee. Sijawahi kuona nzuri kama hiyo."

Mwau akaushika ukuta.

"Kumbe... Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia majibu yapo kwa akaunti. Wewe ukaniuliza unilipe mbuzi."

"Umeniua, mwana wa Mbinya."

"Hapana. Uko hai, na maji unayo. Askofu ataoga vizuri." Wayua akafunga leso yake sawasawa kiunoni. "Ila hiyo kitu hupimwa kila mwaka. Ukifika wakati usihangaike kunitafuta. Nitakuja mwenyewe, niwe nakusalimia."

Akashika njia ya Kasikeu, ambako kulikuwa na hoteli ikimngoja, akitembea bila haraka ili Mwau apate muda mrefu wa kumtazama mgongo.