Pengo Katikati ya Kurasa

Mkunjo wa jarida hauna huruma. Uso ukiangukia pale kurasa mbili zinapokutana, utamezwa pua na jicho moja, na msomaji atabaki na mtu nusu. Msanifu wa kurasa alilijua hilo vizuri, ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amekunja uso. Picha aliyopewa ilikuwa ya familia yake mwenyewe: kushoto mama yake, fundi cherehani, kisha dada zake wawili, na kulia kabisa yeye, binti kitinda mimba, wamesimama mbele ya ukuta wa duka lao. Mkunjo ulikuwa umempiga dada wa pili puani.

"Ipanue tu," alisema mhariri, ambaye ofisini walimwita Bwana Haraka. Baraka walimwachia aitafute mwenyewe. "Mama yako anakuja kuiona, halafu inakwenda kiwandani kuchapwa."

Kupanua ni kazi ya kawaida. Aliikata picha kati ya dada wa pili na yeye, akavitenganisha vipande, na pengo akaiachia kompyuta ilijaze kwa kuiga ukuta.

Kompyuta ilijaza mwanamke.

Alicheka. Mashine nazo huota, alijisemea, imeokota paji la dada mkubwa na shingo ya mama ikashona mtu. Akafuta, akajaza upya. Mwanamke alirudi, na safari hii hakuitazama kamera, alimtazama msanifu. Akafuta tena. Aliporudi alikuwa ameweka mkono begani kwa dada wa pili, na gauni la dada lilikuwa limekunjamana chini ya vidole. Msanifu alikuwa akihangaika na kipanya amfute kabisa, mlango ukafunguliwa na mama yake akaingia.

Mama alivaa miwani, akainama mbele ya skrini. Alimgusa yule mwanamke kwa ncha ya kidole.

"Amekua," alisema.

"Nani, mama?"

"Aliyekutangulia. Alikaa siku mbili tu, hata picha hatukuwahi kumpiga. Hiyo shingo siwezi kuikosea, ni yangu."

Nyumbani kwao mtoto huyo hakutajwa. Msanifu aliwahi kusikia habari zake mara moja tu, kwa dada mkubwa, kwa kunong'onezwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sasa aliuona waziwazi usoni mwa mama yake, akashindwa kubonyeza kitufe cha kufuta.

"Mbona mstari unampita usoni?" mama aliuliza.

"Ndiyo mkunjo huo. Utammeza."

"Basi msogeze, asimezwe."

"Kushoto hakuna nafasi, mama, wewe umeshagusa ukingo. Nikimsogeza kulia, mimi natoka nje ya karatasi."

Mama aliirekebisha miwani. "Wewe nakuona kila siku, mwanangu."

Hakulisema kwa ubaya, na lilikuwa kweli, lakini lilimchoma. Alitaka kusema hapana. Alitaka kumwambia mama kwamba anaogopa. Lakini mtu mzima anaogopaje picha? Alishika kipanya, akasukuma. Mkono wake ukatoka ukingoni, likafuata bega, kisha nusu ya uso, hadi kulia kukabaki ukuta mtupu. Mwanamke alisimama salama kwenye ukurasa wake. Msanifu alisikia ubaridi ukimpanda upande mmoja wa mwili, akahifadhi kazi haraka kabla hajabadili mawazo.

Bwana Haraka alichungulia juu ya bega lake. Kichwa cha habari kilikuwa kimeshaandikwa, *Mama na Mabinti Watatu*, naye alihesabu kwa kidole. "Mama, moja, mbili, tatu. Safi kabisa. Haina haja ya kubadilisha hata herufi."

Akaituma kiwandani papo hapo.

Mama alivua miwani, akafuta macho kwa upande wa mtandio, akachukua mkoba wake. Alikuwa na furaha ambayo msanifu hakuwahi kuiona kwake tangu azaliwe. Kisha akamgeukia, akamtazama kwa upole, vile mtu mzima anavyomtazama kijana wa watu aliyemhudumia vizuri.

"Asante sana, mwanangu," alisema. "Umetupendezesha mimi na wanangu. Mama yako hajambo?"

Alimngoja acheke, lakini mama alikuwa akisubiri jibu.

"Hajambo," alisema msanifu.

"Msalimie," alisema yule mama, akatoka.