Kadi Moja kwa Mtaa Mzima

Pumu ya Chiriku ilimfikia mama yake kazini, saa ile ya asubuhi ambayo mashuka ya hoteli hutoka mashineni bado na unyevunyevu na pasi lazima ziwe za moto. Mama huyo alikuwa mpiga pasi. Alikuwa ananyoosha pindo la shuka kubwa kifua kikambana, pumzi ikaanza kupiga mluzi mwembamba. Akasimamisha pasi wima isije ikaunguza kitu, akakaa juu ya kapu la taulo.

"Pumu hiyo," alisema mkunja mashuka wa meza ya pili, bila kuacha kukunja.

"Ya binti yangu. Imekuja yenyewe."

"Basi nenda kliniki sasa hivi, kabla foleni haijashika. Foronya zako nitakumalizia."

Wakati huohuo, nyumbani, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, aliacha kukohoa, akamaliza chai yake, akaenda shule akisimulia njia nzima.

Kilichotangulia hakikuwa na muujiza wowote, na ndicho kinachotia kichefuchefu. Uchumi ulikuwa umeporomoka. Karakana ya mabodi ya malori, alikokuwa mume wa mpiga pasi akichomelea vyuma, ilifunga milango, na mafundi wote wakamwaga unga siku moja. Bima iliyotibu familia ilikuwa ya mume, na ilizimwa kabla hajafika nyumbani. Ikabaki kadi ya mke. Hoteli nayo, wageni walipoadimika, ilitafuta pa kubana, ikaona pafaapo ni kwa watoto na wazee: ikawaondoa wategemezi wote, ikabakiza mfanyakazi peke yake, maana mpiga pasi mgonjwa hapigi pasi. Mbwa wa mwenye hoteli aliendelea kuwa na daktari wake.

Kulikuwa na mfuko wa bima wa serikali. Miaka ya neema mfuko huo ulijinadi redioni asubuhi na jioni: ukianguka, tutakudaka. Watu walipoanguka kweli, wakaenda kudakwa, wakakuta dirisha la kujiandikisha limefungwa. Wachangiaji wamepungua, walielezwa, na wahitaji wamezidi, kwa hiyo mfuko umesitisha kupokea wahitaji. Kuna mtu alikaa ofisini akaitunga sentensi hiyo, akaisoma, akaridhika nayo. Bima yake mwenyewe ilikuwa hai.

Basi magonjwa yakafanya walichoshindwa watu. Yakaifuata kadi.

Daktari wa kliniki alimsikiliza mpiga pasi kifua, akasema mluzi huo ni wa mtoto, akamwandikia dawa ya kuvuta inayomfaa mtoto. Kadi ikapita. Jioni pumu ilirudi kwa mwenyewe ikiwa imetulia, na Chiriku akala huku akieleza ni nani alimpiga nani shuleni.

Kilichofuata ni kidonda cha mama mkwe. Huyu alikuwa na kisukari na haya nyingi, na kisigino chake kilikuwa hakijapona tangu karakana ifungwe. Asubuhi moja alimkuta mkwewe akivaa kiatu kwa taabu.

"Nimekuletea mguu wangu, mwanangu. Nilijaribu kuuzuia."

"Uache tu, mama. Leo ni zamu yangu ya mchana, nitapita kliniki kwanza."

Kidonda kikasafishwa, kikafungwa, kikarudi kwake kimeanza kukauka. Mume ndiye aliyeleta ubishi. Moshi wa vyuma ulikuwa umemwachia macho yanayochoma, naye akayashikilia kwa viganja viwili yasiondoke.

"Mwanaume mzima nikutwishe na macho?"

"Yalete, bwana. Unanichelewesha."

Yakaja. Mpiga pasi aliona dunia nyekundu wiki nzima, akaunguza foronya ya chumba cha wageni wakubwa, akasemwa mbele ya wenzake.

Majirani walipopata habari hawakuzunguka sana. Walibisha hodi, wakakaa, wakasifia mapazia, kisha wakasema wana jino. Mimba ya jirani wa mlango wa pili ilikaa kwake tangu Jumanne hadi Alhamisi, ikapimwa, ikaonekana haina neno, ikarudi kwa mwenyewe pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Mpiga pasi alichoka mpaka kwenye mifupa, na hakuficha. Lakini Chiriku alikuwa anapumua, na hilo ndilo alilokuwa analitaka duniani.

Siku maafisa walipokuja nyumbani, alijua yameharibika. Walikuwa wawili, bwana wa bima na bibi wa wizarani. Mpiga pasi aliichomeka kadi ndani ya sidiria. Wageni walikaa ukingoni mwa kochi, kama watu wanaoogopa kuondoka na kunguni, wakakataa maji.

"Mwili mmoja," alisema bwana wa bima, "Jumatatu una kisukari, Jumanne una mimba. Tumeona."

"Mnanifungia kadi?"

"Kukufungia? Dada, tumekuja kukupongeza."

Bibi wa wizarani akafafanua. Kadi moja ina kikomo kimoja cha matibabu kwa mwaka. Mtaa mzima ukitibiwa kwa kadi moja, mtaa mzima unakula kikomo kimoja. Kikiisha kimeisha, na hakuna atakayesema hakuwa na bima. Tangu uchumi uanguke walikuwa wakikesha kutafuta njia kama hiyo.

"Hakuna atakayeachwa," alisema, na sauti yake ikalainika kwa furaha. Mwanamke mzima, mwenye watoto wake.

Ndivyo kila mtaa ulivyoteuliwa mbebaji wake. Palikuwa na sherehe ukumbini, na keki yenye umbo la moyo. Mpiga pasi alivishwa shada la maua huku akichuruzika mafua ya mtu asiyemjua, mheshimiwa akampa mkono mbele ya kamera, kisha akajipangusa kwa leso mpaka katikati ya vidole. Akahutubia. Familia zenye bima zimeongezeka, alisema, katikati ya mdororo, na serikali nyingine zinaomba kuja kujifunza. Makofi yakapigwa. Wakubwa wakaila keki hadi makombo, wakaramba vidole, na mate yamjaa mtu mdomoni hata kulisimulia jambo hili, wala si mate ya uchu.

Tangu hapo magonjwa hayakubisha hodi. Yaliingia tu. Kikomo kikaliwa upesi, na baridi ilipokaribia, msimu ambao pumu ya Chiriku huwa haina mzaha, karani wa dirisha la kliniki alimwambia kilichobaki kinatosha pumu ya msimu mmoja. Kikiingia kipimo kimoja kikubwa, kadi itajifunga mpaka mwaka mpya. Mpiga pasi akapita kwa majirani akiwaomba wayazuie ya kwao. Wakayazuia. Mwenye jino alizunguka mtaani na shavu lililovimba, akimsalimia kwa mkono kwa sababu mdomo haukufunguka.

Ndipo, akiwa anaoga, alipokuta uvimbe ubavuni mwa titi la kushoto, mgumu, mdogo kama punje ya hindi. Alingoja urudi kwa mwenyewe. Siku zikapita, haukwenda popote. Akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amepotelewa na uvimbe. Watu walijipapasa kwa adabu, wakatikisa vichwa. Hata mama mkwe, ambaye angeukubali kwa ajili yake, alijipapasa mara mbili akasema hapana, mwanangu, si wangu.

Ulikuwa wake.

Baridi ikaja na pumu ikaja, nzito kuliko zote, ikamwangusha katikati ya mashuka. Mkunja mashuka alimshika mkono mpaka kliniki. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamsikiliza kifuani, akasogeza kile chuma baridi kuelekea kwapani. Mkono wake ukasimama.

"Na huu wa nani?"

Mpiga pasi alivuta pumzi ya mwanawe, ile iliyokuwa imebaki.

"Wa jirani," alisema. "Umenipitia tu. Leo nimeleta pumu."

Daktari alikuwa ameijua mitaa hii na miili yake kwa muda mrefu. Alimtazama, akaitazama kalamu, akaandika pumu.

"Mwambie jirani yako asingoje mwaka mpya."

"Nitamwambia," alisema, akafunga vifungo vya blauzi, akaenda kukaa kwenye benchi la dawa, akangoja kuitwa.