Kuku Aliyeatamia Kilatini

Hadithi hii haina chumvi hata punje. Haya, punje moja, pale kuku anapomtazama mtu kwa macho ya mwalimu mkuu. Mengine yote ni kweli tupu.

Asubuhi ile ya Agosti basi la njano lilipanda kilima, likameza watoto wa majirani, likaondoka likikohoa. Kendra Stufflebean alilipungia mkono kutoka barazani kwake, kwa huruma ile wanayoonewa wafungwa. Yeye wanawe watatu aliwafundisha mwenyewe nyumbani, kama nusu ya akina mama wa kanisani kwao. Na shule zikifunguliwa, mama hao walikuwa na desturi yao: kupiga picha ya watoto barazani, nywele zimechanwa, kila mmoja na kibao kifuani chenye darasa lake, kisha kuirusha mtandaoni wenzao waumie roho.

Mwaka huu picha haikuwa ya maringo tu. Mama mkwe, Bibi Verna, alikuwa amemwambia mwanawe Dwight mezani, pai ikiwa bado ya moto: "Shule zikifunguliwa nitakuja. Nikikuta wajukuu zangu hawajashika kitabu, Jumatatu wanapanda basi." Na Dwight, mwanaume mzima mwenye ndevu, akajibu, "Sawa, mama."

Hapo Kendra akaropoka: "Sisi mbona tulishaanza, mama! Tangu Julai. Kilatini kila asubuhi."

Vitabu kweli alivinunua. Vilikuja ndani ya boksi kubwa, akalitua kwenye baraza ya nyuma: nitalishughulikia kesho. Kesho ikazaa kesho. Kulikuwa na nyanya za kusindika, kulikuwa na mto wa kuogelea, halafu ukaja msiba wa Dachesi, kuku mwekundu aliyetoweka. Kendra alisema kaliwa na mbweha, na watoto wakamlilia na kumwimbia wimbo mzima.

Sasa gari la Bibi Verna hilo hapo, linapinda kuingia.

"Mashati! Haraka!" Juu wakavalishwa mashati ya kanisani, chini wakabaki na suruali za kulalia, maana picha inaishia kiunoni. "Thad, acha kuangalia barabarani. Obed, chaki hailiwi!"

Bibi Verna alipanda ngazi, mkoba kwapani. Akawatazama wajukuu kuanzia juu kwenda chini, na pale chini akakawia.

"Keziah, mjukuu wangu, uko darasa la ngapi?"

Keziah alijua kukamua mbuzi na kutaja wafalme wote wa Yuda kwa mpangilio. Hili la darasa likamshinda. "Mama, niko la ngapi?"

"Soma kibao, mwanangu."

"Kinasema la saba."

"Hicho changu," akasema Thad.

"Sisi watoto hatuwafungii madarasani, mama," Kendra akadakia. "Wanasoma kwa uhuru."

"Uhuru nimeuona kwenye suruali zao, una picha za dubu. Hicho Kilatini kiko wapi?"

"Vitabu tumevichosha, mama, kurasa zinanyofoka! Asubuhi hii hii tumevisoma, nikavirudisha kwenye boksi, pale baraza ya nyuma."

Angenyamaza mapema angepona. Lakini Bibi Verna alishafika baraza ya nyuma, watoto nyuma yake, Kendra mkiani. Boksi lilikuwa limepasuka ubavu mmoja. Ndani, juu ya vitabu vilivyo bado kwenye nailoni yao, alikaa kuku mwekundu, katuna, akimkazia Kendra macho kama mwalimu mkuu aliyemkamata mchelewaji.

Bibi akapenyeza mkono chini ya kuku bila kujali mdomo wake, akatoa yai lililotoboka. Ndani yake kitu kinalia, tii, tii.

"Kuku huatamia wiki tatu, mwanangu. Asubuhi hii mlipotaka kusoma, mlimwambia apishe?"

Kendra akalikodolea yai. "Hilo ni... ni somo la sayansi, mama. Tulimweka humo makusudi."

"Dachesi!" Obed akapiga kelele, chaki mdomoni. "Mama, mbweha kamtapika, na sisi tulishamlilia!"

Bibi Verna alilirudisha yai taratibu, akajifuta mkono kwenye sketi.

"Kama mlimweka makusudi, mwanangu, mlimlilia nani?"

Aliyejibu ni kifaranga: tii, tii.

"Bibi," Thad akauliza polepole, "ndani ya basi, mtu huruhusiwa kukaa dirishani?"