Kisu cha Kuchongea Kalamu

"Lete hicho kisu, mwanangu, kitakukata! Hukijui."

"Nitakijulia wapi, Mwalimu, na miaka yote umekikumbatia kama mtoto mchanga?"

Shakila alibaki amenyoosha mkono. Alikuwa amefundisha Kiurdu mjini Rampur kwa miaka thelathini na minne, na kila Jumamosi aliwachongea wanafunzi wote kalamu zao za mwanzi. Aliyemfokea sasa alikuwa Nuzhat, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikuwa achukue darasa lake Jumatatu.

"Mimi ni mwalimu mzima na sijui kuchonga kalamu," Nuzhat alisema. "Ukishastaafu, hawa wataandikia nini? Vijiti vya meno?"

Mezani zilikuwapo kalamu arobaini butu, na vidole vya Shakila vilikuwa vikimuuma tangu alfajiri. Alidhani anawasaidia, kumbe alikuwa akiwalemaza.

Alimwachia Nuzhat kisu, akaenda kuketi kwenye dawati la nyuma.

"Kata kwa mshazari. Usikiogope."

Mwanzi wa kwanza ulipasuka vibaya. Shakila aliinuka nusu, kisha akaketi tena.

"Huo tupa," alisema. "Chukua mwingine."