Fungu la Asiyekuwepo

Mjukuu wangu alikuja na diski mpya, pana kama kiganja, ingali kwenye nailoni yake. Kompyuta yake ilikuwa na diski moja yenye Windows. Hii ya pili alitaka kuigawa, upande aweke Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, upande faili zake, ili kila akiwasha achague aingie wapi. Aliifunga kwa skrubu hapo mezani kwangu, mchana kweupe, dirisha wazi.

Kwenye kioo cha kompyuta, diski ikaonekana kama mkeka mrefu uliotandazwa, wa kijivu, hauna kitu.

"Haya, Bibi, nakata huku na huku."

"Na la mjomba wako?"

Akacheka. "Mjomba naye anataka Linux?"

"Usinichezee, mke mwenzangu. Nyumba hii hakigawanywi kitu bila fungu la asiyekuwepo."

Ndivyo tulivyo. Mwanangu wa kiume alitoka asubuhi moja kwenda kazini, hakurudi, wala maiti hatukuletewa. Mkate ukikatwa, kipande chake hubaki mpaka jioni, watoto wakakila, maana aliye hai anakula huko aliko. Lakini mama yangu alinifunza: fungu likiliwa na asiyeonekana, mwenyewe hayupo tena duniani. Miaka yote halijaguswa kabla ya watoto, na hilo ndilo linalonilaza usingizi.

"Sawa, nisije nikalaaniwa kwa kipande cha diski," akasema, akaacha kijisehemu mwishoni, kitupu, bila jina. Linux ikaingia upande wake.

Akaangalia tena. Akasogeza uso kiooni.

"Bibi, umegusa?"

"Nina wazimu?"

"Hiki sikukiandaa, hakiwezi kuwekwa kitu. Kinasema kimejaa, kama kuna aliyekichukua."

Akaizima, akaiwasha. Menyu ilipaswa kuwa na mistari miwili, Linux na Windows. Ikaja mitatu. Wa tatu haukuwa na maandishi, ila mwanga wa kuchagulia ulikuwa umekaa juu yake. Akabonyeza mshale wa juu. Mwanga ukapanda, kisha ukashuka wenyewe, taratibu, kama mtu anayerudi kitini kwake.

"Nachomoa waya."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na joto lilivyokuwa siku ile!

"Bibi, kesho mashine hii naihitaji kazini!"

"Na mimi namhitaji mwanangu."

Nikabonyeza mwenyewe kile kitufe kikubwa cha kukubali. Kioo kikawa cheusi tii. Pembeni kijistari cheupe kinapepesa, kinangoja mtu aandike. Mimi na vitufe hivyo wapi na wapi. Nikainama, nikasema kwa mdomo:

"Baba, ni mama yako. Uko hai, au umetangulia?"

Kijistari kikaacha kupepesa.

Mjukuu wangu alikuwa analia chini chini. "Tuzime, Bibi. Nakuomba."

"Tulia," nikamwambia, nikavuta kiti karibu na kioo. "Huyu tangu mdogo, ukimuuliza jambo zito, hajibu papo hapo."