Rambirambi za Mwalimu Clotilde

Kwa miaka kadhaa sasa, Mwalimu Clotilde alikuwa akiua watu kila jioni akishamaliza kusahihisha madaftari ya darasa la tatu. Wengine aliwaua kwa sumu, wengine kwa nyundo, na katekista mmoja alimsukuma kisimani bila huruma yoyote. Wote walikufa ndani ya hadithi za upelelezi alizoziandika, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Kaka yake Georges alisoma kurasa mbili akaahidi kumwombea. Kwenye kwaya walimvuta pembeni wakamuuliza kama nyumbani kuna amani. Hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kujua nani alimuua katekista.

Ndiyo maana siku Carine, mwalimu mwenzake, alipomwambia kuna watu wanaoandika mambo hayo hayo na hukutana Jumamosi mtaani Panda, Clotilde alijiapiza. Angewapelekea kazi yake. Wakiicheka, angeifunga kwenye sanduku asiifungue tena maisha yake yote.

“Utaona portail ya bleu,” Carine alimwelekeza. “Utasikia batu biko banasoma.”

Lango la buluu akaliona, na kusoma akakusikia. Lakini alipochungulia ndani, moyo ulimshuka. Turubai lilikuwa limefungwa uani. Wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, vichwa chini. Wanawake wamekaa mkekani, na sufuria kubwa inachemka juu ya mbabula ya makaa. Katikati amesimama bwana mnene mwenye koti, karatasi mkononi, anasoma kwa sauti ile ya somo la kwanza kwenye misa: “Marehemu Papy alikutwa ukingoni mwa ziwa Tshangalele, kando ya mtumbwi wake, viatu bado vikiwa miguuni.”

Kilio. Nani asiyekijua kilio? Mtu aliyelelewa Likasi hafikirii mara mbili. Clotilde alivua viatu, akakaza kitenge kiunoni, akainamisha uso, akaketi kwenye ncha ya mkeka. Huwezi kuingia kwenye msiba wa watu ukauliza waandishi wako wapi. Alimsogelea mama aliyekuwa karibu na sufuria, ambaye alionekana kuwa mwenye nyumba.

“Pole sana, Maman.”

Yule mama, Mama Jenny, alishangaa kidogo, lakini adabu anayo. “Aksanti, Maman. Ni kweli, kufa yake ilituumiza shiye bote.”

“Alikuwa mugonjwa?”

“Hapana. Balimuua.”

Clotilde aliziba mdomo. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya adabu tu. Alimwonea huruma kwelikweli yule Papy. Na mwenyewe pia alijionea huruma, ametoka nyumbani na matumaini yote yale, kumbe anakuja kulia.

Hapo bwana mmoja wa miwani, Didier, akanyoosha mkono. “Minye naona bibi yake, ule mujane, naye akufe.”

Hakuna aliyeshtuka. Mama Jenny hata alitikisa kichwa kukubali. “Akufe, lakini polepole. Batu batasema tuko na haraka.”

Clotilde akaanza kupima umbali wa lango.

“Basi tumuue ku chapitre ya tano,” alisema Didier.

Chapitre, yaani sura ya kitabu. Clotilde aliinua kichwa, akayaangalia makaratasi yaliyokuwa kwenye mapaja ya watu, kisha akamwangalia bwana mwenye koti, ambaye alikuwa akiuma kalamu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angeweza kuokota viatu vyake na kuondoka kimyakimya. Lakini kosa la hadithi lilikuwa mbele ya macho yake, na kosa la hadithi lilimwasha kuliko aibu.

“Bibi yake hawezi kufa,” alisema huku akijifuta machozi. “Akikufa, nani atasema kama bwana yake havalaka bilatu mu mutumbwi? Njo ile inaonyesha kama balimuvalisha nyuma ya kumuua.”

Yule mwenye koti, ambaye jina lake ni Placide, alirudisha kurasa nyuma moja baada ya nyingine. “Ni kweli,” alisema taratibu. “Maman, weye ni nani?”

“Clotilde. Nilizania ni kilio. Na minye niko naandika.”

Mama Jenny ndiye aliyeelewa wa kwanza, akacheka mpaka akalala mkekani. Wengine wakamfuata. Placide peke yake hakucheka. “Mutu alimulilia Papy yangu,” alisema, na sauti ile nene ilikuwa imekatika kidogo. “Alimulilia kabisa.”

Wakamwomba karatasi zake. Pale kwao mgeni hasomi kazi yake mwenyewe mara ya kwanza, kwa hiyo Placide ndiye aliyesimama kusoma, na Clotilde akabaki mkekani kusikiliza. Hakuna aliyecheka. Didier alimkatiza msomaji mara kwa mara: huyu polisi anaongea sana, ukurasa huu umelala, utoe. Ilimuuma Clotilde, na ilimfurahisha kupita kiasi. Miaka yote watu walimuuliza yeye ana kasoro gani. Leo walikuwa wanauliza ukurasa una kasoro gani.

Placide alifika mwisho wa karatasi. Akaigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu.

“Sasa, nani alimusukuma katekista?”

Wote walimgeukia. Clotilde alifungua mdomo, lakini Mama Jenny akamwekea kiganja midomoni.

“Usiseme. Tuache kwanza tutafute.”

Wakavuta viti karibu, wakaanza kubishana. Didier alimshtaki mjomba wa marehemu, Placide akamtetea mjomba kana kwamba ni ndugu yake, na Mama Jenny alisahau sufuria ikaanza kuungua. Clotilde alikaa katikati yao, akiuma mdomo kwa furaha, kwa sababu wote walikuwa wamekosea.