Kiboksi cha Sauti

Mume wangu alikuja na kiboksi cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, akakipangusa kwa shati lake kabla ya kukiweka karibu na kompyuta.

"Sauti ya kompyuta chafu," alinieleza. "Hiki kinaisafishia huku nje, inafika kwenye spika ikiwa safi."

Nilimwambia kinachohitaji kusafishwa humu ndani si sauti.

Alijua namsema nani. Dada yake, wifi yangu, alikuja kwa wiki moja na sasa ana funguo zake. Salamu hana, chakula changu anakinusa kwanza. Nikilalamika, naambiwa nina gubu. Juzi mume wangu alisema wifi inasumbua, intaneti haishiki, nikamuuliza wifi ipi, ya ukutani au ya chumba cha wageni. Hakucheka. Nilitaka kitu kimoja tu: asikie kwa masikio yake kwamba dada yake hanitaki, amwondoe.

"Weka video ya harusi," nilisema.

Kuna mahali nimekwenda kubadili gauni, na wifi anaonekana akimnong'oneza kaka yake mbele ya maiki. Siku zote mngurumo wa kompyuta ulimeza maneno yao, na mume wangu alidai hayakumbuki.

Wifi alikuwa kochini, miguu juu ya meza yangu. Aliishusha haraka. "Kaka, weka kitu kingine bwana."

"Unaogopa nini?" nilimrukia. "Leo tutakusikia vizuri."

Mume wangu, mwenye furaha na waya zake, alibonyeza. Mngurumo haukuwepo. Vilisikika vijiko, mtu akikohoa, kisha wifi, waziwazi: "Kaka, huyu humpendi. Mwambie ukweli, usimpotezee maisha."

"Nitamzoea," sauti ya mume wangu ilijibu kwenye spika.

Mume wangu alichomoa waya, lakini alikuwa amechelewa. Nilimgeukia wifi kwanza, maana hasira yangu ilishazoea njia hiyo.

"Miaka yote unajua, halafu unaninunia mimi?"

"Ningekuchekea vipi?" alisema. "Kila nikikuona nasikia aibu."

Nilimchukia zaidi kwa kunihurumia.

"Mke wangu, hayo ya zamani," mume wangu alianza. "Nilikuwa kijana, sijui hili wala lile."

"Sitaki hadithi. Umeshanizoea?"

Alifungua mdomo, akamtazama dada yake.